Tairi Hupimwa Asubuhi

Bibi Topsy alikuwa na nyumba mbili, lakini moyo wake ulikaa katika moja tu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa mjini Alice Springs, mji ulio katikati ya jangwa. Ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda cha chuma na dirisha linalotazama ukuta. Alikaa humo kwa sababu ya figo zake, ambazo zilikuwa zimechoka kufanya kazi. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilala kando ya mashine, nayo mashine ikamsafishia damu kwa muda wa saa tano.

Nyumba ya pili ilikuwa Kisima Namba Saba, kilomita mia tatu kutoka mjini, kwenye mchanga mwekundu. Huko ndiko alikozaliwa. Huko kulikuwa na moto wake, mbwa wake, na watu wa kutaniana nao.

Kila Ijumaa mchana, mara tu mashine ilipomwachia, mjukuu wake Lyndon alimchukua kwa pikapu akampeleka nyumbani. Jumapili alimrudisha. Lyndon alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita mwenye kofia pana na maneno mengi. Kwa hesabu ya ukoo wao, bibi mzaa baba na mke wa mjukuu wamo katika kundi moja. Kwa hiyo Bibi Topsy alimwita Lyndon "mume wangu", naye Bibi huyo huyo akamwita Rosina, mke wa Lyndon, "mke mwenzangu". Hakuna aliyeshangaa. Ilikuwa haki yake.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, ambao kule ni wa baridi, saa kumi alasiri, walikuwa wamebakiza kilomita arobaini kufika. Barabara ya changarawe ilikuwa kavu, na gari lilikuwa limejaa: mapipa mawili ya mafuta, magunia ya unga, magodoro, na Bibi Topsy kiti cha mbele. Mara kikasikika kishindo nyuma. Gari likayumba kushoto, likayumba kulia, likasimama ndani ya vumbi lake lenyewe.

"Bibi, limepasuka tena," alisema Lyndon.

"Nimesikia, mume wangu. Zilizokufa ni figo, si masikio."

Lyndon alishuka. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika ubavuni mzunguko mzima. Aliligusa akarudisha mkono haraka. Lilikuwa la moto kama sufuria.

"Matairi ya siku hizi takataka," alisema.

"Na lile la wiki mbili zilizopita?"

"Nalo takataka."

"Na lile la kabla yake?"

"Lile liliuawa na barabara. Barabara hii mbovu kuliko zote."

"Kwa hiyo aliye mzima hapa ni wewe peke yako," alisema Bibi Topsy, akafumba macho apumzike.

Lyndon alichukua jeki. Alikumbuka vizuri wiki mbili zilizopita. Siku ile tairi lilipasuka Jumapili wakielekea mjini, na la akiba nalo likapasuka kilomita sitini mbele. Walikaa kando ya barabara hadi Jumatatu jioni. Bibi Topsy aliifikia mashine yake Jumanne. Miguu ilikuwa imevimba, na kila baada ya maneno matatu alitafuta pumzi. Muuguzi hakufoka. Alimwambia Lyndon polepole, "Figo zisipofanya kazi, maji hayana pa kutokea. Yanajaa mwilini, yanafika kwenye mapafu. Akikosa Jumatatu nyingine, nitamshauri asitoke tena mjini."

Bibi Topsy alikuwa amesikia maneno hayo. Tangu siku ile hakuyataja, na Lyndon naye hakuyataja.

Aliweka tairi la akiba. Lilikuwa kuukuu, limelika kama kisigino cha kiatu cha zamani. Wakafika nyumbani jua likizama.

* * *

Jumamosi asubuhi Rosina aliweka birika motoni. Bibi Topsy alikuwa amekaa kwenye blanketi lake, mkate wa majivuni mkononi, mbwa watatu wakiuangalia mkate huo bila kupepesa macho. Alikuwa anacheka na kila anayepita. Mjini alikuwa mgonjwa. Hapa alikuwa mtu.

"Lyndon," alisema Rosina, "kesho utamrudisha kwa matairi gani?"

"Haya haya. Nitakwenda pole."

"Ulisema hivyo wiki mbili zilizopita."

"Nimeendesha gari tangu miguu yangu haijafika kwenye breki. Nani wa kunifundisha tairi?"

"Mama."

Lyndon akashusha kofia yake machoni. Mama yake Rosina aliitwa Nangala, kwa jina la kundi lake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na kwa miaka ishirini alikuwa amefungua na kufunga malori. Gereji ya Kisima Namba Saba ilikuwa yake. Hakuna mtu eneo lote lile aliyejua magurudumu kuliko yeye. Lakini kwa Lyndon alikuwa mama mkwe, na kwa watu wao mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani. Hawatazamani. Hawapandi gari moja. Akimwona anakuja njiani, mwanamume hugeuka akapita upande mwingine. Hiyo ni heshima, na Lyndon aliishika kwa miaka minne bila kukosea hata siku moja.

"Siwezi kuongea naye," alisema. "Unajua."

"Mimi naweza. Nitamuuliza kwa niaba yako."

"Usimuulize. Akisikia sijui kutunza tairi atasema binti yake ameolewa na kofia."

"Alishasema."

Bibi Topsy alicheka hadi chai ikamwagika. Kisha kicheko kikaisha, akaweka kikombe chini.

"Mume wangu, sikiliza. Nikikosa mashine nitapata shida ya pumzi, hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni ule ukuta dirishani. Wakiniambia nisije tena huku, nitakuwa nakaa naangalia ukuta huo siku saba za wiki." Akageukia upande wa Rosina. "Mke mwenzangu, kamwambie Nangala nakuja kesho alfajiri. Mimi ni mwanawe. Hawezi kunikataa."

Kwa hesabu ya ukoo, kweli Bibi Topsy, aliye kundi moja na Rosina, alikuwa binti wa Nangala, ingawa alimzidi miaka ishirini.

* * *

Jumapili alfajiri maji ya mbwa yalikuwa yamegeuka barafu. Lyndon alilisukuma gari hadi gereji kabla Nangala hajatoka, kisha akaenda nyuma ya bati kubwa lililoegemezwa ukutani. Akakaa juu ya ndoo, mgongo kwao. Nangala akatoka, naye akasimama upande wa pili wa bati. Bibi Topsy na Rosina walikaa kando ya moto.

"Umeamkaje, mwanangu?" Nangala alimsalimu.

"Salama, mama. Nimeleta gari. Linakula matairi."

Nangala alichukua geji ya kupimia upepo. Akapima tairi moja baada ya jingine.

"Ishirini na nne," alisema. "Ishirini na nne. Haya mawili ishirini na tano. Kibandiko hiki cha mlangoni kinasema thelathini na sita."

Nyuma ya bati kukatoka kikohozi. Kisha sauti: "Rosina. Mwambie niliyaacha thelathini. Ijumaa, pale njiani kwenye tangi la maji, nimepima mwenyewe. Ni watoto wamefungua."

"Mama, anasema—"

"Nimesikia kuna kitu kinaunguruma nyuma ya bati," alisema Nangala. "Ni watoto gani hao wanaamka kwenye barafu kuja kuiba upepo? Muulize mtu wako, pale kwenye tangi alipima saa ngapi?"

"Saa nane mchana," ilisema sauti kabla Rosina hajafungua mdomo.

"Na geji ilisema ngapi?"

"Thelathini na saba. Yalikuwa yamevimba. Nikapunguza hadi thelathini. Wajomba zangu wote wanafanya hivyo."

Nangala alicheka kidogo, bila ubaya. Alijua jambo hilo lilikotoka. Kule kwao kila kijana hujifunza somo moja kabla hajaota ndevu: gari likizama mchangani, punguza upepo. Tairi hulala, hutanuka, na gari hutoka. Somo hilo limeokoa watu wengi. Lakini vijana walikuwa wamelibeba hadi kwenye barabara ngumu. Ikawa kila tairi likionekana limejaa, dawa ni ile ile: punguza.

"Rosina, nipe ile chupa," alisema Nangala.

Ilikuwa chupa tupu ya plastiki iliyokuwa imekaa nje usiku kucha. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kabisa, lakini mbavu zake zilikuwa zimebonyea ndani.

"Jana mchana niliifunga ikiwa imenyooka. Hakuna aliyeigusa. Mwanangu, nani ameibonyeza?"

"Mbwa," alisema Bibi Topsy.

"Baridi. Sasa angalia." Akaiweka karibu na moto, si karibu sana. Baada ya muda mfupi chupa ililia *tak*, mbavu zikatoka nje, ikanyooka. "Na sasa nani ameijaza?"

"Hakuna. Nimekuona. Hujafungua kifuniko."

"Sawa. Hewa ni ile ile. Haikuongezeka wala haikupungua. Joto limeipa nguvu ya kusukuma."

Ndoo ikakwaruza chini nyuma ya bati. Halafu: "Rosina, muulize joto linaipaje nguvu."

Nangala hakungoja kuulizwa. Alikuwa amekulia kwenye shamba la ng'ombe, na mifano yake ilitoka huko. "Chukua ng'ombe hamsini, weka zizini. Wakitulia, wanaegemea ua kidogo tu. Sasa leta mbwa wabweke. Ng'ombe wale wale hamsini watakimbia, watajigonga kwenye ua huku na huku, ua utalia. Hewa nayo ni vitu vidogo mno, havionekani, vinavyokimbia. Baridi huvituliza. Joto huvikimbiza, vinagonga ukuta wa tairi kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mchana geji inapanda. Lile joto ndio mbwa wanaobweka."

"Nimeelewa," alisema Bibi Topsy. "Na mume wangu akaja saa nane, akaona ua unalia, akafungua geti, akatoa ng'ombe kumi na wawili."

"Ndiyo. Asubuhi mbwa wamelala, ng'ombe wametulia, na zizi limepwaya. Hakuna mwizi. Upepo aliutoa mwenyewe."

Rosina alijizuia kucheka, akashindwa.

"Sasa muulize hivi," ilisema sauti, safari hii kwa kujitetea. "Tairi lenye upepo mdogo si ndilo laini? Laini linapasukaje?"

Nangala alitoka akakata kipande cha waya wa uzio. Akampa Rosina. "Mpelekee mtu wako. Aupinde mbele na nyuma, mahali pamoja, haraka haraka, mara ishirini. Kisha aguse pale ulipopindika."

Rosina alizunguka bati. Sauti ya waya ikasikika. Kisha Lyndon akasema neno moja ambalo si la kuandikwa, akatia kidole mdomoni.

"Umeungua?" aliuliza mkewe.

"Una moto. Kweli una moto."

"Sasa akiupinda zaidi," alisema Nangala, "utakatika. Tairi laini linafanya hivyo hivyo. Kila likizunguka, ubavu wake unapinda na kunyooka. Kilomita mia tatu, mzigo juu, mwendo mkali. Linapata moto kutoka kwenye kupinda kwake lenyewe. Dereva anasimama, anapima, geji imepanda kwa sababu ya moto huo, anatoa upepo tena. Linakuwa laini zaidi, linapinda zaidi, linapata moto zaidi. Mwishowe nyuzi za ndani zinaachana. Anasema tairi takataka."

Moto ulilia. Nyuma ya bati Lyndon alikuwa ameinama, waya mkononi. Aliyaona matairi yote aliyoyatupa kando ya barabara ile, na aliona sababu yake ikitoka katika vidole vyake mwenyewe. Aliona pia miguu ya bibi yake ilivyokuwa imevimba Jumanne ile. Hilo lilimuuma kuliko kidole.

"Rosina," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Muulize nifanye nini."

Nangala alijibu kama mtu anayejibu swali la kawaida, bila kejeli. "Tairi hupimwa asubuhi, kabla gari halijatembea, likiwa la baridi. Jaza mpaka namba ya kibandiko. Mchana geji ikipanda tano, sita, hata saba, iache. Imepanda kwa sababu ya joto, na joto likishuka nayo itashuka. Usiguse. Ukiingia mchangani punguza, nenda pole, lakini ukirudi kwenye barabara ngumu simama hapo hapo ujaze. Na ukipumzika njiani, weka kiganja kwenye kila tairi. Yote yakiwa na uvuguvugu sawa, endelea. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, hilo linapoteza upepo. Usiende nalo."

Kisha akaleta pampu, Rosina akaanza kujaza. Tairi la kwanza lilipofika thelathini na sita, Nangala alimwambia aguse shingo ya pampu chini. Rosina akarudisha mkono.

"Nayo imepata moto."

"Hewa ukiibana inapata joto. Ukiiachia itoke kwa nguvu inapoa. Ndiyo maana ukitoa upepo mwingi, lile tundu linakuwa baridi mpaka linafanya umande. Joto na msukumo havitengani. Ukigusa kimoja, kingine kinasikia." Akavingirisha tairi moja zuri kutoka gereji, akalilaza nyuma ya pikapu. "Hili la akiba. Ni la mwanangu, si la mtu yeyote aliye nyuma ya bati."

* * *

Waliondoka saa tatu. Saa sita na nusu walifika kwenye tangi la maji katikati ya safari. Jua lilikuwa kali, na barafu ya asubuhi ilikuwa kama hadithi aliyosimuliwa mtu mwingine. Lyndon alisimama. Akatoa geji.

Arobaini na tatu.

Mkono wake ulimwasha. Miaka kumi mkono ule ulikuwa umezoea kazi moja mahali pale: kubonyeza, kusikia upepo ukilia *fsss*, na kuridhika. Arobaini na tatu ilikuwa namba kubwa. Alichuchumaa mbele ya tairi muda mrefu. Akilini wajomba wote walimwambia toa. Na kama mama mkwe amekosea? Tairi likipasuka hapa, ni kilomita mia moja na hamsini kila upande, na mashine inangoja kesho saa moja asubuhi.

Bibi Topsy alikuwa anamtazama kupitia dirishani. Hakusema neno. Hiyo ilikuwa ajabu, kwa sababu Bibi Topsy alikuwa na neno kwa kila jambo.

Lyndon aliweka kiganja juu ya tairi. Lilikuwa vuguvugu. Akasogea kwenye la pili, vuguvugu. La tatu na la nne yalikuwa hivyo hivyo. Aliweza kuacha mkono hapo muda aliotaka. Alikumbuka lile la Ijumaa lililomchoma kama sufuria, akafikiri: asubuhi thelathini na sita, sasa arobaini na tatu. Ni saba. Ng'ombe ni wale wale.

Akatia geji mfukoni.

"Umewasalimia wote wanne?" aliuliza Bibi Topsy. "Basi twende. Ninaungua jua nikisubiri watu wenye adabu nyingi."

Akaendesha. Kilomita hamsini za kwanza aliendesha huku masikio yamesimama, akisubiri kishindo. Kilomita hamsini zilizofuata alisahau kusubiri. Saa tisa na nusu waliona minara ya mji. Bibi Topsy alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono juu ya tumbo.

Jumatatu asubuhi walifika kabla mlango haujafunguliwa. Muuguzi alipotoka na funguo alimkuta Bibi Topsy amekaa kwenye ngazi, blanketi mabegani, anawaeleza wanawake wengine wawili wa mashine habari za ng'ombe wanaokaa ndani ya tairi. Mmoja wao alikuwa na mpwa anayempeleka kwao kila mwisho wa mwezi, na matairi ya mpwa huyo yalikuwa yanapasuka. Akaomba aelezwe tena, pole pole, ili akamwambie.

Lyndon hakuwa na haja ya kuelezwa tena. Alipima Jumatatu hiyo hiyo kabla ya kurudi. Alipima Ijumaa alfajiri. Wajomba walipomcheka, hakubishana nao. Alimpa kila mmoja kipande cha waya. Kufikia mwezi wa kumi, vijana sita wa Kisima Namba Saba walikuwa wanapima matairi kabla ya chai, na Nangala alilalamika kwa Rosina kwamba siku hizi hapati tairi bovu la kuziba, isipokuwa lililochomwa na mwiba.

Joto la mwisho wa mwaka lilikuja. Mchana lilifika nyuzi arobaini na mbili. Geji zilipanda, watu wakaziacha zipande. Bibi Topsy alikwenda nyumbani na kurudi, akaenda na kurudi, na hakuna Jumatatu iliyompita.

Muuguzi naye alibadilika. Zamani, kila Ijumaa, aliuliza kwa wasiwasi, "Una hakika utaweza kurudi?" Siku hizi aliuliza tu, "Leo unaondoka saa ngapi?"

"Mara tu utakaponichomoa sindano hii," alisema Bibi Topsy.

Muuguzi akaichomoa.